Ngai, Ngoma na Jiji: Dini ya Jadi Magharibi mwa Nairobi tangu 1890

Dini ya jadi ya Wagikuyu haikuwahi kuwa na hekalu katika jiji la Nairobi, wala daftari la waumini, wala siku moja ya juma iliyotengwa kwa ibada. Kwa sababu hiyo wengi walioandika historia ya jiji wameipita kimyakimya, kana kwamba ilikoma reli ilipofika mwaka 1899 na kubaki habari ya vijiji vya Murang'a na Nyeri. Lakini ukanda wa magharibi wa jiji, kuanzia Westlands na Kangemi hadi Kabete, Riruta, Waithaka na Dagoretti, ulikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za nchi ya Wagikuyu ambako dini hiyo ilikabiliana na dini ya wageni, na ndiko imeendelea kuishi hadi leo, si kama dhehebu, bali kama desturi za nyumbani ambazo wanaozifuata hawaoni haja ya kuziita dini. Kila ilipojaribu kujivika umbo la kanisa au chama, iligongana na dola au ikageuka kitu kingine. Ilipobaki katika majina ya watoto, mahari, maziko na heshima ya mti, ilidumu.

Istilahi chache zinahitaji kuelezwa kwanza. Ngai ni Mungu mmoja, muumba na mgawaji wa vyote, ambaye makao yake makuu duniani ni Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, ingawa Nyandarua, Kianjahi (mlima unaojulikana zaidi kwa jina la Ol Donyo Sabuk) na vilima vya Ngong vilihesabiwa kuwa vituo vyake pia. Ngai hasumbuliwi kwa mambo madogo: mtu mmoja mmoja hakumwomba kila kukicha, bali familia nzima ilimwelekea katika nyakati kuu za maisha, yaani kuzaliwa, kutahiriwa, kuoa na kufa, na jamii nzima ilimwendea wakati wa ukame au maradhi ya kuenea, wazee wakichinja kondoo wa rangi moja chini ya mugumo, ambao ni mtini mwitu mkubwa, na kuinua mikono kuuelekea mlima. Ngoma, neno ambalo hapa halihusiani na ngoma ya kupigwa, ni roho za wafu wa ukoo. Hizi hukumbukwa na kutulizwa kwa kumwagiwa pombe kidogo na kutengewa kipande cha nyama, na Jomo Kenyatta, alipoieleza dini hii kwa wasomaji wa Ulaya, alisisitiza kwamba Kigikuyu hukitenga kabisa kitendo hicho na kile cha kumwabudu Ngai. Thahu ni unajisi unaompata mtu kwa kugusa maiti au kuvunja mwiko, nao huondolewa na mundu mugo, yaani mganga anayepiga ramli na kutakasa. Makuhani wa kudumu hawakuwapo, maana mzee yeyote aliyepanda daraja za kiama, yaani baraza la wazee, kwa kutoa mbuzi na kondoo waliotakiwa, alikuwa na haki ya kuongoza sala, na msomaji atakayeishika nukta hii hatashangazwa na mengi ya yaliyofuata.

Mwezi Oktoba 1890 Kapteni Frederick Lugard, akiitumikia Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alifika Dagoretti akafanya mapatano na Waiyaki wa Hinga, kiongozi mwenye nguvu wa eneo hilo, na mapatano hayo yalifungwa kwa kuchanjiana damu, yaani kwa kiapo cha udugu na si kwa karatasi peke yake. Kwa mila ya Wagikuyu kiapo cha namna hiyo ni kitendo cha dini, ambacho mvunjaji wake hujiletea maafa yeye na watu wake. Kwa kampuni kilikuwa njia ya kupata chakula cha misafara na uwanja wa kujengea ngome. Watu wa kampuni hawakukawia kupora mazao na mifugo, ngome ya Dagoretti ikashambuliwa na kuachwa mwaka 1891, na nyingine, iliyoitwa Fort Smith, ikajengwa upande wa Kabete mwaka huohuo. Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa baada ya vurugu ndani ya ngome hiyo, akaanzishwa safari ya kupelekwa pwani, akafia njiani Kibwezi. Barabara kuu inayotoka Westlands kuelekea Kangemi na Uthiru ndiyo inayobeba jina lake, nayo itarejewa mbele katika habari hii.

Wamisheni walifuata njia iliyokwisha kufunguliwa. Misheni ya Kanisa la Skotlandi, iliyokuwa imeanzia Kibwezi, ilihamia Kikuyu mwaka 1898 na hatimaye ikaweka makao Thogoto. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha St Austin's mwaka 1899 katika eneo ambalo leo ni Lavington. Na Waanglikana wakafungua kituo chao Kabete, ambako Louis Leakey, mwana wa mmisheni Harry Leakey, alizaliwa mwaka 1903. Vituo hivi vitatu vilizunguka mji mchanga wa reli upande wa machweo, na wenyeji wakaanza kugawanyika: kukawa na athomi, yaani wasomaji, waliovaa nguo za kizungu na kubatizwa, na wale waliobaki na kondoo wao chini ya mugumo. Mgawanyiko huo haukuwa mkali kama taarifa za wamisheni zinavyodai, kwa kuwa boma moja liliweza kuwa na msomaji na mzee wa kiama wanaokula chungu kimoja, na kwa kawaida ni mzee ndiye aliyemtuma mwanawe shuleni.

Pale ambapo badiliko lilikuwa la kina zaidi ni katika kifo, na suala hili lastahili kuchunguzwa kwa utulivu kwa sababu ndilo linalosahaulika upesi. Wagikuyu wa zamani hawakuwazika watu wote: waliozikwa ni wazee wenye mali na wana wa kuwahudumia, lakini wengine, walipokaribia kukata roho, walitolewa nje ya boma hadi kichakani, na miili yao ikaachiwa fisi, ili nyumba isiingiwe na thahu ya maiti. Serikali ya kikoloni na misheni zilipambana na desturi hiyo kwa hoja za afya na za imani, na kaburi likawa sheria, kisha likawa heshima, hata leo hii familia nyingi huamini kwamba kumzika ndugu katika shamba lake ndiyo mila yenyewe ya kale. Kinanjui wa Gathirimu, chifu mkuu aliyetambuliwa na Waingereza na mtu wa Dagoretti, alikufa mwaka 1929, na Karen Blixen, Mdenmarki aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, amesimulia katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1937 jinsi mzee huyo alivyomwomba amchukue afie nyumbani kwake ili asipelekwe hospitali ya misheni, naye akakataa. Mazishi yaliendeshwa na wamisheni. Chifu aliyepata cheo kwa kushirikiana na wageni alishindwa kuchagua mahali pa kukatia roho, na hilo laonyesha wazi zaidi kuliko takwimu yoyote ya ubatizo ni nani aliyekuwa ameishika mamlaka juu ya kifo.

Mwaka huohuo wa 1929 ulileta mgogoro mkubwa zaidi. Misheni za Kiprotestanti, na hasa ile ya Thogoto chini ya Daktari John Arthur, ziliwataka waumini na walimu wake waape kuiacha tohara ya wasichana, na waliokubali walitia sahihi au alama ya kidole gumba, iitwayo kirore, jina lililokuja kuwa la kundi zima la watiifu. Waliokataa walijiita karing'a, yaani walio safi, wasiochanganyika. Makanisa na shule zikakimbiwa, na wimbo wa dhihaka ulioitwa Muthirigu ukaimbwa kila mahali hadi serikali ikaupiga marufuku. Ni rahisi kuyaandika matukio haya kama vita kati ya dini ya jadi na Ukristo, lakini waliojitenga hawakurudi chini ya mugumo: walidai Biblia bila mmisheni. Upande wa Kiambu ya kusini, uliojumuisha Dagoretti, waliunda Jumuiya ya Elimu ya Karing'a, na mwaka 1935 Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa Kanisa la Kiothodoksi la Kiafrika akaja kutoka Afrika Kusini kuwawekea makasisi. Kanisa hilo liliungana baadaye na Upatriarka wa Aleksandria, na seminari ya Kiothodoksi yenye jina la Makarios wa Tatu, aliyekuwa askofu mkuu na rais wa Kupro, imesimama Riruta hadi leo. Hivyo watu waliotoka misheni kwa ajili ya mila waliishia kwenye liturujia ya Kigiriki, jambo ambalo hakuna mzee wa kiama wa mwaka 1929 angelitabiri.

Kuhusu mila iliyozusha mgogoro huo, historia imetoa uamuzi wake kwa njia ya sheria: tangu 2011 ukeketaji ni kosa la jinai nchini Kenya, na harakati zote za baadaye za kufufua dini ya jadi zimelazimika kulijibu swali hilo, baadhi kwa uaminifu na nyingine kwa kukwepa.

Kutokana na mgogoro huo kulizaliwa vitabu viwili ambavyo vingekuja kutumiwa na waumini kwa namna ambayo huenda waandishi wake hawakuikusudia. Cha kwanza ni kile cha Kenyatta, aliyebatizwa Thogoto mwaka 1914, akafanya kazi katika idara ya maji ya manispaa ya Nairobi, kisha akasomea anthropolojia London chini ya Bronisław Malinowski, na mwaka 1938 akachapisha Facing Mount Kenya, kitabu kinachoieleza dini ya Wagikuyu kwa sauti ya wakili anayemtetea mteja wake. Cha pili ni kazi ya Louis Leakey, aliyekulia Kabete akiongea Kigikuyu, akaingizwa katika rika la vijana wenzake, na mwishoni mwa miaka ya 1930 akakaa na wazee wa Kiambu kuandika kila walichokumbuka kuhusu maisha kabla ya 1903, mwaka wa kuzaliwa kwake. Maandishi hayo yalikuwa marefu mno hata hayakuchapishwa hadi 1977, miaka mitano baada ya kifo chake, katika majuzuu matatu. Kenyatta anaeleza kwa nini kondoo huchinjwa, na Leakey anaeleza ni kondoo wa rangi gani, nani anamshika mguu gani, na nyama inagawanywaje. Mtu wa leo anayetaka kutakasa nyumba kwa utaratibu wa kale, na ambaye babu yake alikuwa mzee wa kanisa, huenda akamhitaji Leakey kuliko Kenyatta, na hiyo ni kejeli ambayo wazee waliomsimulia Mwingereza huyo wangeifurahia.

Hapa yafaa kulinganisha na nchi ya mbali. Mwaka 1972 kikundi cha watu wachache nchini Iceland, wakiongozwa na mshairi na mfugaji Sveinbjörn Beinteinsson, kiliunda jumuiya ya kufufua ibada ya miungu ya kale ya Kaskazini mwa Ulaya, akina Odin na Thor, na mwaka uliofuata serikali ikaitambua kisheria kama dini. Wafuasi wa dini hiyo, huko na katika nchi nyingine za Ulaya na Amerika, huishi nayo katika mambo ya kawaida: hummwagia mungu kinywaji uwanjani, huwakumbuka wazazi waliokufa, husherehekea majira ya mwaka, na mengi ya hayo wameyapata katika maandishi ya karne ya 13, kwa maana Iceland ilipokea Ukristo karibu na mwaka 1000 na mnyororo wa mapokeo ulikatika. Mtu wa Waithaka anayemwaga pombe chini kabla ya kunywa hafanyi kitendo tofauti sana, lakini kwake pengo ni la vizazi vitatu au vinne tu, na mara nyingi yupo bibi aliyesikia kutoka kwa mamake. Hata hivyo tofauti hiyo inazidi kupungua, na kila kizazi kinachozaliwa Nairobi kinaisogelea hali ya Iceland, ambako kitabu hushika nafasi ya bibi.

Miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 inajulikana sana, nayo inapitwa hapa kwa haraka. Inatosha kusema kwamba viapo vya Mau Mau vilitumia nyama ya mbuzi, udongo na upinde wa majani, vitu vilivyotoka katika ibada za rika na za ardhi. Kwamba serikali ilivijibu kwa kuwaajiri waganga wafanye ibada za utakaso. Na kwamba shule za karing'a zilifungwa. Serikali iliyoziita imani hizi ushenzi ilizitumia ilipozihitaji.

Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ya Uingereza iliteremshwa katika uwanja ulio kando ya barabara ya Lang'ata, na mugumo ukapandwa mahali hapo, katika bustani iliyokuja kuitwa Uhuru Gardens. Huko Thika, mugumo ambao kwa mujibu wa masimulizi mtabiri Mugo wa Kibiro alitabiri kuwa kuanguka kwake kungekuwa mwisho wa utawala wa kigeni, ulikuwa umeanguka mwaka huohuo. Karibu na wakati huo mipaka ya Nairobi ilipanuliwa, Dagoretti ikatolewa Kiambu na kuingizwa jijini, na mashamba ya mbari, yaani koo ndogo zenye ardhi ya pamoja, yakaanza kukatwa viwanja vya nyumba za kupangisha. Dola mpya iliutukuza mti kama nembo, lakini haikuilinda ardhi ambamo miti ya namna hiyo ilikuwa imesimama kwa ajili ya ibada.

Kazi ya kuifikiria upya dini hiyo ilihamia katikati ya jiji, kwenye Chuo Kikuu cha Nairobi. John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Ukambani aliyekuwa akifundisha Makerere, alichapisha mwaka 1969 kitabu kilichowafanya wasomi wa dunia waizungumze dini ya Kiafrika bila kuiita upagani. Mwaka uliofuata Okot p'Bitek, Mwacholi kutoka Uganda, akachapisha jijini Nairobi kitabu cha kumjibu yeye na wenziwe, akidai kwamba wasomi Wakristo wameivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki ili ifanane na Mungu wa kanisani. Hoja ya Okot haijajibiwa vya kutosha hadi leo, na yeyote anayesoma jinsi Ngai anavyoelezwa na makasisi wa kisasa, karibu bila tofauti na Yehova, ataona kwamba alilenga pazuri. Mwaka 1970 pia Ngũgĩ wa Thiong'o alihutubia mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, mrithi wa misheni ya Thogoto, akasema kwamba yeye si Mkristo. Mzee mmoja akasimama kumkemea, akimkumbusha kwamba jina lake ni James, na mwandishi huyo akaliacha jina hilo baadaye. Henry Odera Oruka naye, katika idara ya falsafa, alianza miaka ya 1970 kuwahoji wazee wa vijijini kama wanafalsafa wenye hoja zao wenyewe, na si kama vyombo vya kuhifadhia mila.

Odera Oruka ndiye aliyeitwa kutoa ushahidi wa kitaalamu katika kesi iliyolifanya suala hili lote kuwa habari ya kila nyumba. S. M. Otieno, wakili Mjaluo aliyeishi Nairobi, alikufa tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alikuwa kitukuu cha Waiyaki wa Hinga yuleyule wa Dagoretti, na alitaka kumzika mumewe katika shamba lao Upper Matasia, karibu na Ngong, akieleza kwamba marehemu aliishi maisha ya Kikristo na ya kisasa na kwamba ndivyo alivyotaka mwenyewe. Ukoo wa Umira Kager, pamoja na ndugu wa marehemu, Joash Ochieng Ougo, ulidai kwamba Mjaluo huzikwa nyumbani kwao, na kwamba roho ya aliyezikwa ugenini haitawapa walio hai utulivu. Kwa zaidi ya miezi mitano maiti ilibaki mochari, mawakili John Khaminwa wa mjane na Richard Kwach wa ukoo wakahojiana na mashahidi juu ya mizimu, ndoto na vitabu alivyopenda marehemu, na umati ukajaa nje ya mahakama katikati ya jiji. Jaji Samuel Bosire aliupa ukoo ushindi mwezi Februari 1987, Mahakama ya Rufaa ikauthibitisha tarehe 15 Mei, na Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya, tarehe 23 Mei.

Uamuzi huo umejadiliwa sana kama suala la jinsia na la kabila, nao ulikuwa hayo yote. Kwa historia ya dini, hata hivyo, uzito wake uko kwingine: majaji hawakuuliza kama mizimu ipo, ila kama marehemu angeweza, kwa kuishi mjini, kujivua sheria ya kimila ya watu wake, wakajibu kwamba hakuweza. Sheria ya Mahakama ya 1967 ilikuwa tayari imewaagiza waongozwe na mila za Kiafrika pale zisipopingana na haki na maadili, na kwa njia hiyo imani ambayo wamisheni walidhani imezikwa ilirudi mahakamani ikiwa imevaa joho la sheria ya kimila. Msafara wa magari yanayotoka mochari za Nairobi, Chiromo ikiwamo, kuelekea magharibi ya nchi mwishoni mwa kila juma, baada ya siku za vikao vya michango, unaendesha desturi hiyohiyo bila jaji yeyote kuamuru. Na wakazi wa Kangemi na Kawangware, ambako Waluhya ni wengi, huuona kama wajibu wa kawaida kama kodi ya nyumba.

Ufufuo wenye sauti kubwa ulikuwa na mkondo mwingine. Katika miaka ya 1980 Ngonya wa Gakonya aliunda Hema ya Ngai Aliye Hai, jumuiya iliyosali kwa kuuelekea Mlima Kenya na kuinua mikono, ikiitikia thaai, neno la amani linalofunga sala za Kigikuyu, na serikali ya Rais Moi ikaipiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mungiki, iliyoanzishwa na vijana wa Laikipia mwishoni mwa miaka ya 1980, ilianza na sala za namna hiyo, ikaingia katika vituo vya matatu na mitaa ya maskini jijini, ikawa genge la ushuru na la siasa, na ikaharamishwa mwaka 2002 baada ya mauaji ya Kariobangi. Mmoja wa viongozi wake, Ndura Waruinge, alisilimu mwaka 2000, na mwingine, Maina Njenga, akabatizwa katika kanisa la Kipentekoste jijini mwaka 2009. Harakati iliyodai kurudi kwa Ngai na ambayo vinara wake waliishia msikitini na kanisani haiwezi kuchukuliwa kuwa kipimo cha dini ya jadi, ingawa ndivyo magazeti yalivyoichukua, na aibu yake ikawaangukia wazee waliokuwa wakimwaga pombe yao kwa amani.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mazingira. Kifungu cha 8 kinakataa dini ya serikali, cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri na imani. Jaribio lake la wazi zaidi lilikuja Westlands. Mwaka 2020, barabara ya haraka ya kilomita 27 kutoka Mlolongo ilipokuwa ikijengwa na kampuni ya Kichina hadi barabara ya James Gichuru, ilitangazwa kwamba mugumo mkubwa wenye umri wa karibu karne moja, uliosimama kando ya Waiyaki Way kwa kimo cha jengo la ghorofa nne, ungeng'olewa. Wanamazingira walilalamika kwa hoja ya hewa na kivuli, wengine kwa hoja kwamba mti huo haukatwi, fundisho ambalo Wangari Maathai alisimulia kuwa alilipata utotoni kwa mamake. Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitoa tamko la kuulinda, Jenerali Mohamed Badi wa Huduma za Jiji akalifikisha, na barabara ilipofunguliwa Mei 2022 mti ulikuwa bado upo. Waliouokoa hawakulazimika kukubaliana kama ni patakatifu au ni bayoanuwai, na pengine ndiyo sababu walifaulu.

Nje ya matukio ya namna hiyo dini ya jadi inaendelea bila kutangazwa. Mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, binti wa kwanza la mama wa baba, na wanaofuata la wazazi wa mama, kwa imani kwamba mkubwa hurudi nyumbani kupitia mdogo. Utaratibu huo haukuvunjwa na ubatizo, maana jina la kanisa liliongezwa mbele yake tu. Wanaume wa mjini wameanza tena kutoa mbuzi wa kiama na kupanda daraja, na jumuiya iitwayo Kiama kia Ma ilipopata nguvu katika miaka ya 2010, Kanisa la Presbiteri, ambalo lilijijenga juu ya kirore ya 1929, liliwataka waumini wake wachague upande mmoja. Sensa ya 2009 ilihesabu takriban wafuasi 635,000 wa dini za jadi nchini kote, ile ya 2019 takriban 318,000, na anayezisoma tarakimu hizo bila kuhudhuria hata sherehe moja ya mahari huko Uthiru au Waithaka atadhani kwamba mambo yamekwisha. Kasisi hufungua kwa sala, kisha wazee huketi kando na kuulizia mbuzi, ngoima (kondoo dume aliyenoneshwa) na muratina, pombe inayochachushwa kwa tunda la mti wenye jina hilo, na tone la kwanza huenda chini.

Sheria ya Ndoa ya 2014 iliiweka ndoa ya kimila sawa na ya Kikristo, ya Kiislamu, ya Kihindu na ya kiserikali, na tangu Agosti 2017 ndoa hizo zimekuwa zikisajiliwa na kupewa cheti na Msajili wa Ndoa, ambaye ofisi yake iko katikati ya jiji. Wanandoa wanatakiwa kumjulisha msajili katika muda wa miezi mitatu tangu taratibu za kimila zikamilike, na kulipwa kwa sehemu tu ya mahari kunatosha kuwa uthibitisho. Ni lini hasa taratibu zimekamilika, sheria imewaachia wenye mila. Kwa Wagikuyu siku hiyo ni ya ngurario, ambapo bwana na bibi harusi hukata kiande, yaani bega la mnyama aliyechinjwa, mbele ya koo mbili. Lakini wazee haohao, wakiulizwa kama mahari sasa yamekwisha, hujibu kwamba mahari hayaishi, na mwaka unaofuata hutuma watu kuulizia mbuzi waliobaki.